Mama mkwe akiwa na miaka 37: jibu kwa dada wa Tandika

Dada mmoja anayeishi Tandika ameniandikia. Nimelifupisha swali lake bila kubadilisha maana:

"Shikamoo dada. Nina miaka 37, naigiza mwaka wa 11 sasa. Nilianza na kikundi cha mtaani, nikaingia kwenye filamu za CD, sasa niko kwenye tamthilia. Sijawahi kuwa mhusika mkuu hata mara moja. Tangu nilipojifungua mtoto wa pili napewa umama tu: mama mzazi, mama wa kambo, shangazi mwenye gubu, mama mkwe. Wiki iliyopita nimeitwa kwenye tamthilia mpya, mama mkwe tena, na kijana nitakayekuwa mama yake nimemzidi miaka minne. Wenzangu wanasema nikikubali nimejizika, bora nisubiri nafasi kubwa. Mkataba niliopewa ni ukurasa mmoja. Halafu huku mtaani watoto wananiita Mama Mkwe, na mume wangu hapendi. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Kubali hiyo kazi. Usisaini ile karatasi kama ilivyo, hilo nitalifikia, lakini nafasi yenyewe ichukue.

Nasema hivi kwa sababu na mimi niliwahi kusubiri. Nilikuwa na miaka 36, nimetoka kwenye jukwaa na michezo ya redio, bado najiona binti. Nikaitwa kuwa mama wa kijana mwenye ndevu. Nikakataa, tena kwa maneno makali. Aliyeichukua ni mwenzangu tuliyekuwa tukipanda daladala moja kutoka Buguruni. Alikaa kwenye kazi ile zaidi ya miaka miwili, akajenga chumba na sebule. Mimi sikuitwa popote kwa miezi 14, na simu ilipolia ilikuwa ni ya kuniita niwe mama. Sikuwa nimesubiri chochote, nilikuwa nimekaa tu.

Baadaye nikahamia upande wa pili wa meza, nikawa mtu wa kufanya usaili na kuwanoa waigizaji kabla kamera haijawashwa. Huko nikaona jambo ambalo mwigizaji hawezi kuliona akiwa kwenye foleni na namba mkononi. Wanaotaka kuwa steringi, yaani mhusika mkuu, wamejaa mpaka mlangoni. Ukimkosa mmoja, nyuma yake wako kumi wenye sura nzuri kama yake. Lakini mama anayeweza kuingia sebuleni, akasema maneno manne, na mtazamaji akajua kwamba nyumba hii ina siri, huyo unamtafuta Dar nzima. Ukimpata, unamwandika kwenye daftari na unamrudia kazi baada ya kazi. Kwenye daftari langu akina mama wa namna hiyo hawakuwahi kuzidi saba kwa wakati mmoja.

Tuliokulia mjini hapa, tulioona sinema Empress na Avalon na baadaye kwenye vibanda vya video, tulijua sheria moja kabla hatujajua kusoma: steringi hafi. Fikiria maana yake kwa kazi yako. Kama steringi hafi, basi hofu yote ya mtazamaji anaibeba mtu mwingine. Anaibeba adui, rafiki atakayesaliti, mama atakayelia. Steringi anavusha kisa kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini uzito wa kisa wanaubeba waliomzunguka. Ndiyo maana watu wanakumbuka ndoa fulani ya kwenye filamu ilivunjika kwa ajili ya mama fulani, na jina la bwana harusi hawalikumbuki.

Redio inatufundisha hilo vizuri kuliko televisheni. Kuanzia mwaka 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilirusha Twende na Wakati, mchezo uliotungwa kufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Watungaji waliwapanga wahusika kwa makusudi: kuna wa kuigwa, kuna wa kuepukwa, na kuna wa katikati wanaoyumba. Sasa waulize waliokuwa watu wazima miaka ile wanamkumbuka nani. Watakutajia Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, aliyeishia kuugua. Watakutajia Tunu, mkewe, aliyechoka naye akaanza kujitafutia riziki. Mtaani kwetu mwanamume wa tabia ile alipewa jina hilohilo, "Mkwaju huyo anapita." Wale wema wa kuigwa majina yao yamefutika vichwani. Na wote hao walikuwa sauti tu, hakuna aliyewaona sura.

Twende kwenye umri, maana naona ndio unaokuuma.

Miaka minne si kitu. Mwaka 1962 mwigizaji Angela Lansbury aliigiza mama wa Laurence Harvey kwenye The Manchurian Candidate. Lansbury alizaliwa Oktoba 1925, Harvey Oktoba 1928. Miaka mitatu! Hakuna anayeitazama filamu ile akaanza kuhesabu, kwa kuwa mama yule anamtawala mwanawe kiasi kwamba unamwogopa kabla hujamuuliza miaka. Kwa nafasi hiyo aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi. Wangemwambia kama wanavyokuambia wewe, kwamba umejizika. Miaka 22 baadaye, 1984, akiwa anakaribia miaka 59, alianza tamthilia ya Murder, She Wrote, yeye ndiye mhusika mkuu, na ikaendelea hadi 1996. Sikuhadithii haya ili ungoje miaka 22. Nataka ujue kwamba kumvaa mama ukiwa kijana ni kazi ya ufundi, na wanaojua kutazama wanauona ufundi huo.

Huku kwetu tumezoea kumzeesha mtu kwa poda kichwani na mistari ya wanja usoni. Ikatae kwa heshima. Kamera za siku hizi zinaona kila chembe, na mvi za poda zinamfanya mama mkwe aonekane ametoka kusaga unga. Omba ushungi au kilemba, omba miwani ya kusomea, omba kandambili badala ya viatu. Mwili uupunguzie haraka ya kuinuka. Hayo yanatosha kwa nje.

Umri wa mama mkwe uko kwenye haki anazojipa. Binti anaingia nyumba ya watu akisubiri kukaribishwa kiti. Mama mkwe anakaa. Tena anakaa kwenye kiti cha baba mwenye nyumba. Anapita jikoni bila kuuliza, anafunua sufuria, anainusa, anaifunika, hasemi kitu. Ukifunua ile sufuria sawasawa, hakuna mtu Tanzania hii atakayeuliza una miaka mingapi. Mkwe wake atakuwa amesimama pale na mwiko mkononi, na kila mwanamke anayetazama atakuwa amesimama naye.

Hapa ndipo ninapotaka ukae zaidi, kwa sababu ndiyo mali yako.

Chukua neno moja: marahaba. Mkweo ameingia, amepiga goti, amesema "Shikamoo mama." Skripti imeandika "Marahaba," basi. Waigizaji wengi wanalipita neno hilo mbiombio ili wafike kwenye ugomvi. Wewe simama hapo. Unaweza kuliitikia upesi huku macho yako yako kwenye simu, na binti akajua hana thamani ya kuangaliwa. Unaweza kulichelewesha, ukamwacha pale chini kwa pumzi mbili, ndipo ukaitikia kwa upole kabisa, na upole ule ukatisha kuliko matusi. Unaweza kuitikia kwa bashasha, "Marahaba mwanangu, hujambo, wa nyumbani hawajambo, mama kapoa mguu?" ukamzungusha kwa salamu mpaka asipate nafasi ya kusema lililomleta. Na unaweza usiitikie. Ukamuuliza tu, "Mume wako yuko wapi?" Shikamoo isiyoitikiwa ni kofi, na kila anayezungumza Kiswahili anaisikia ikitua. Huhitaji kupandisha sauti wala kushika kiuno. Neno moja limeshakupa akina mama wanne tofauti, na wote wanne wanaishi Dar es Salaam.

Kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi, jibu maswali haya kwa kuandika, si kichwani. Kabla mwanao hajaoa, nani alikuwa anakupa hela ya matumizi? Nani alikuwa anakupeleka hospitali? Mwanao alipokuwa anakusalimia asubuhi alikuwa anakaa dakika ngapi, na sasa anakaa ngapi? Ukiyajibu hayo utagundua kwamba mama mkwe hana roho mbaya. Ameporwa. Anachokitaka kwenye kila sini ni kurudishiwa kitu chake, na mkwe ndiye aliyekishika. Mwigizaji anayemvaa "mama mbaya" atachosha kufikia episodi ya tatu. Anayemvaa mama aliyeporwa anaweza kwenda episodi mia, maana mtazamaji mwenye mtoto wa kiume atakuwa upande wake kwa siri.

Mavazi usimwachie mtu wa mavazi peke yake. Kanga ina jina, na jina lake ni maneno yako ya ziada ambayo hakuna aliyeyaandika kwenye skripti. Siku unayokwenda kwa mkwe kwa shari, vaa "Mdhaniaye ndiye kumbe siye." Siku unayokwenda kuomba suluhu, tafuta yenye neno la upole. Pengine kamera haitayasoma, lakini wewe utakuwa umeyavaa na yatakukalisha tofauti. Siku yakisomeka, utawasikia watazamaji wenyewe wakiyatafsiri.

Mikono ipe kazi. Chambua mchele kwenye ungo, suka ukili, menya vitunguu. Lakini jua ni neno gani linausimamisha mkono. Hili ni la sanaa na ni la ufundi pia: sini moja itarudiwa mara tano, kamera ikihama kila mara, na mhariri anahitaji mkono wako usimame kwenye neno lilelile kila mara. Ukisimama leo kwenye "mwanangu" na kesho kwenye "nyumba," picha hazitaungana, na atakachokata ni sura yako. Wahariri hawatangazwi popote, lakini ndio wanaoamua mwigizaji wa nafasi ndogo aonekane sekunde ngapi. Mhariri akigundua kwamba wewe unaungika, atakurudia hata pale ambapo huna maneno.

Na pale usipokuwa na maneno ndipo penye dhahabu. Sikiliza. Namaanisha usikilize kweli, usingoje zamu yako. Wawili wakigombana, klozapu, yaani picha ya uso kwa karibu, inayouma mara nyingi ni ya yule wa tatu aliyekaa kimya pembeni. Waigizaji waliotokea jukwaani, na mimi nikiwa mmojawao, huwa tunafikiri kimya ni kupumzika. Kwenye kamera kimya ni kazi nzito kuliko maneno.

Wewe umelelewa na kikundi cha mtaani na filamu za CD, kwa hiyo najua umezoea kupewa kisa tu, maneno mnajitungia. Ndivyo kazi nyingi zilivyoendeshwa tangu zama za Kaole Sanaa Group kwenye ITV, kikundi alichopitia marehemu Steven Kanumba na wengine wengi. Malezi hayo yamekupa wepesi ambao mtu wa chuo anaweza kukosa: kitu kikiharibika katikati ya sini wewe hutetereki. Lakini yamekupa na ugonjwa wake, ambao ni kusema sana. Kwa kuwa hakuna aliyeandika, kila mtu anaongeza, na sini inaishia kwenye kufoka. Ukipewa skripti iliyoandikwa, usiongeze hata neno. Hapo nakuomba kabisa.

Tena weka daftari. Tamthilia hairekodiwi kama inavyorushwa. Siku mkipata nyumba ya Mbezi, mtarekodi sini zote za sebule ile kwa siku moja, za episodi ya pili, ya tisa na ya ishirini. Asubuhi mwanao hajaoa, saa nane mchana ameshaachika, jioni ndiyo posa. Usipoandika kila sini ulikuwa unajua nini na hujui nini, utamlilia mjukuu ambaye hajazaliwa.

Sasa hofu ya kukaririwa, yaani kupewa nafasi ya namna ileile kila mara. Ni ya kweli, na wenzako hawakudanganya kwamba ipo. Wamekosea dawa tu. Dawa yake haipatikani kwa kukataa umama. Kataa kurudia mama yuleyule.

Thelma Ritter, mzaliwa wa Brooklyn, alionekana kwenye filamu kubwa kwa mara ya kwanza mwaka 1947 akiwa na miaka 45. Nafasi yenyewe ilikuwa mama aliyechoka kuzunguka madukani akitafuta zawadi ya mwanawe. Dakika chache, na jina lake halikuandikwa kwenye orodha ya waigizaji. Kwa filamu za kati ya mwaka 1950 na 1962 aliteuliwa mara 6 kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi. Hakushinda hata moja, lakini hakukosa kazi. Aliwaigiza watumishi, akina mama, wauza vitu mitaani, na kila mmoja alikuwa mtu mwingine, ingawa lafudhi ya Brooklyn hakuiacha. Margo Martindale naye alishinda Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, mwaka 2011, akiwa na miaka 60, kwa kuigiza mama mwenye genge la wahalifu milimani Kentucky, mama anayemkaribisha mgeni glasi ya pombe ya kienyeji huku sumu ikiwa tayari imo. Ukarimu ule ndio unaoua. Nikimwangalia nawaona akina mama wa kwetu wenye sahani ya wali mkono mmoja na kisu mkono wa pili.

Kwa hiyo kaa chini uandike akina mama wote uliowaigiza miaka hii 11. Mbele ya kila mmoja andika kitu ambacho yeye tu alikuwa nacho: alicheka namna gani, alipataje hela, alimwogopa nani. Ukikuta watano wana majibu sawa, hapo ndipo ulipokaririwa, na ulijikariri mwenyewe kabla prodyuza hajakukariri. Huyu mpya mpe maisha mengine. Awe nesi mstaafu wa Muhimbili anayezungumza kwa amri fupi. Awe mama aliyekuza watoto watano kwa kuuza mihogo ufukweni Coco, ambaye hawezi kukaa bila kuhesabu hela. Usiende kumwomba dairekta akuandikie. Njoo naye kwenye usaili, tayari amevaa.

Kuna umama wa kuukataa, lakini. Ukiitwa uongee kwa lafudhi ya Kimakonde au Kigogo ili tu watu wacheke kwamba mtu wa kule ni mjinga, kataa. Lafudhi ni mali ya uhusika, inasema mtu ametoka wapi na amefika lini mjini. Ikigeuzwa kuwa kichekesho chenyewe, inawavunjia heshima watu, na wewe inakufunga. Nimewaona wenzetu wazuri sana ambao hawakuitwa tena kwa sauti zao wenyewe.

Pembeni ya tamthilia, tafuta kazi ndogo zinazokunyoosha. Wanafunzi wa sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wale wa TaSUBa Bagamoyo wanahitaji watu wazima kwenye filamu zao fupi, na wao hawakujui kama Mama Mkwe. Hawana hela. Lakini baadhi ya filamu zao zinafika kwenye tamasha la filamu la ZIFF Zanzibar, na huko wanakaa watu wanaotafuta sura. Kuna na kazi ya kuingiza sauti. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina ya binti Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Ilipendwa hadi Rais Xi Jinping akaitaja kwenye hotuba yake hapa Dar Machi 2013. Tangu hapo tamthilia za Kichina na za Kituruki zenye sauti za Kiswahili zimekuwa jambo la kawaida kwenye televisheni zetu. Kwenye sauti hakuna anayekuuliza miaka. Unaweza kuwa malkia asubuhi na mtoto wa shule jioni.

Tuje kwenye karatasi yako ya ukurasa mmoja.

Marekani mwigizaji wa nafasi ndogo anaweza kuzeeka kwa heshima kwa sababu moja kubwa: filamu au tamthilia ikirudiwa kwenye televisheni, naye analipwa tena. Hawakupewa zawadi. Waigizaji waligoma mwaka 1960, chama chao kikiongozwa na Ronald Reagan, wakapata malipo ya marudio kwa filamu za kuanzia mwaka huo pamoja na mfuko wa pensheni na matibabu. Mwaka 2023 waligoma tena siku 118, safari hii wakidai pia haki yao kwenye filamu za mtandaoni. Kwetu mwigizaji kwa kawaida analipwa mara moja, kwa siku au kwa episodi, na kazi inarudiwa mpaka watoto wake wanaizoea. Mimi nilirekodi mchezo mmoja kwa kituo fulani, nikalipwa nauli na posho, na nikausikia ukirudiwa kwa miaka. Nilipokwenda kuuliza nilioneshwa saini yangu.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtendaji, yaani wewe unayeigiza, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo kwa ajili hiyo. Lakini ukisaini mstari unaosema umeachia haki zote kwa matumizi yote kwa muda wote, umeshampa mwenzako rungu. Karatasi ya ukurasa mmoja karibu kila mara ina mstari huo, na karibu kila mara haina mengine unayoyahitaji. Omba iandikwe ni siku ngapi au episodi ngapi, na zikizidi unalipwaje. Iandikwe inarushwa wapi, na ikiuzwa kwenye kituo kingine au kuwekwa YouTube mtazungumza upya. Sura na sauti yako isitumike kwenye tangazo la biashara bila mkataba wa pembeni, hili lisisitize kwa kalamu nyekundu, maana mhusika akipendwa tu wauza sabuni wanakuja. Na usafiri wa usiku uandikwe. Mkimaliza saa saba usiku Kigamboni, nani anakurudisha Tandika? Mwanamke asiyeandikiwa usafiri analala lokesheni au anapanda bodaboda ya mtu asiyemjua, na mimi siikubali hata moja kati ya hizo.

Usiogope kwamba watakuacha. Wanaokuita tena kwa nafasi ileile wanakuhitaji. Sema kwa sauti ya kawaida, "Naomba siku mbili niisome na mtu wangu," kisha mtafute mwanasheria au hata mwigizaji mzee aliyeungua. Mwaka 2018 Mzee Majuto alipokuwa akiugua, mjadala wa mikataba mibovu ya wasanii ulifika hadi serikalini. Mtu aliyechekesha nchi nzima! Alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti mwaka huohuo. Tulilia, halafu wengi tukarudi kusaini karatasi za ukurasa mmoja.

Kwa hela, nikuambie wazi: nafasi ya pili, isiyo ya steringi, peke yake haitakulisha kila mwezi. Kuwa na genge, mashine ya kushona, darasa la maigizo la watoto Jumamosi, chochote ambacho hakikufungi mchana wote. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unapokea waliojiajiri, anza kuchangia na kidogo ulichonacho, wala usisubiri nafasi kubwa.

La mwisho ni shemeji yangu na watoto wa mtaani.

Amri Athumani nchi nzima ilimwita Majuto. Said Ngamba alikuwa Mzee Small. Mohamed Fungafunga alikuwa Mzee Jengua. Wengi tulijifunza majina yao ya kuzaliwa kwenye misiba. Kwa desturi ya kwetu mtazamaji akikubadilisha jina amekukabidhi kitu, na watoto wa Tandika wamekukabidhi mapema. Lakini Mama Mkwe ni jina la kila mtu, mtayarishaji yeyote anaweza kumpa mwingine. Chagua jina lako la sanaa, liandikwe kwenye mkataba na kwenye orodha ya mwisho wa kila episodi, na ukipata nafasi kalisajili BRELA kama alama ya biashara. Mpe na huyo mhusika mpya jina linalotamkika, watoto watalidaka wenyewe.

Mumeo usimwambie azoee. Nadhani kinachomkera si jina, ni kwamba anasikia kelele za mtaani bila kuiona kazi. Mwombe dairekta ruhusa ya siku moja, uje naye lokesheni, akae nyuma ya monita. Chagua siku ambayo mkweo anapiga goti na wewe humwitikii.